Makumbusho ya Tring na mbwa aitwaye Ah Cum

Nimekwenda mara mbili katika mji mdogo wa Tring, huko Hertfordshire nchini Uingereza, na mara zote mbili niliyekuwa namfuata ni mbwa mmoja aliyekufa zaidi ya karne moja iliyopita. Jina lake ni Ah Cum. Ngozi yake imejazwa na kuhifadhiwa katika Natural History Museum at Tring, ambayo ni tawi la makumbusho makuu ya viumbe ya London. Kwa mtu anayetaka kuwaelewa mbwa wa Peking, wale wadogo wenye uso bapa na manyoya mengi wanaojulikana duniani kwa jina la Pekingese, sijaona mahali pengine panapofundisha mengi kwa muda mfupi kiasi hiki.

Nieleze kwanza kilichonipeleka. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikimhudumia nyumbani kwake bibi mmoja wa Kiingereza ambaye sasa ana miaka 86, na katika nyumba hiyo yumo pia mbwa jike wa Peking. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mbwa hulala uani, hula makombo, na kazi yake ni kumbwekea mwizi, kwa hiyo siku za mwanzo sikujua nimtazame vipi kiumbe anayelala juu ya mto wa hariri. Leo kumsafisha ni sehemu ya kazi yangu ya kila jioni. Nachovya pamba katika maji ya uvuguvugu, nainua mkunjo wa ngozi ulio juu ya pua yake, nafuta uchafu uliojificha chini yake, kisha nafuta machozi ya jicho la kulia, maana macho yake yametokeza mno na huumizwa na kitu kidogo tu. Usiku anakoroma kama mzee aliyeshiba. Mfugaji aliyemuuza alimhakikishia bibi kwamba uso bapa kiasi hicho ndiyo alama ya damu ya kifalme, na kwamba mbwa hawa wamekuwa hivyo hivyo tangu enzi za wafalme wa China. Bibi, ambaye miguu yake haimruhusu tena kusafiri, ndiye aliyeniomba niende Tring nikahakikishe kwa macho yangu kama maneno hayo ni ya kweli.

Makumbusho yenyewe ni kazi ya Lionel Walter Rothschild, mtoto wa ukoo wa wenye mabenki, ambaye baba yake alimjengea nyumba ya kuwekea wanyama wake kama zawadi ya kutimiza miaka 21. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1892, na Rothschild alipofariki mwaka 1937 aliyaachia taifa. Ndiye yule aliyefunga pundamilia kwenye gari lake na kuliendesha hadi kasri la Buckingham, na jina lake ndilo walilopewa twiga wa Baringo na wa Uganda, wale ambao miguu yao chini ni myeupe kana kwamba wamevaa soksi. Makabati yamebaki yale ya zamani, ya mbao na kioo, yanayopanda kutoka sakafuni kuelekea darini, na ndani yake wanyama wamebanana kama abiria wa daladala ya asubuhi. Wapo watu wasiopenda mpangilio huo. Mimi naupenda, kwa sababu unakuruhusu kulinganisha mnyama na mnyama bila kubandua mguu.

Mbwa wa kufugwa wana sehemu yao, na wengi wao waliwahi kukaa London kabla ya kuhamishiwa Tring. Waingereza wengi humwendea kwanza Mick the Miller, mbwa wa mbio aliyeshinda Derby ya mwaka 1929 na ya 1930. Mimi nilimpita.

Ah Cum ni mdogo, lakini ukimtazama humwoni kuwa mdoli. Manyoya yake ni ya kiasi, hayamfuniki hadi ukakosa kujua kichwa kiko upande gani. Miguu unaiona. Zaidi ya yote, ana pua: ni fupi, hilo halina ubishi, lakini imetokeza mbele ya macho, na kati ya paji la uso na ncha ya pua hiyo kuna mteremko ambao mbwa wa bibi hana kabisa. Safari ya pili nilikwenda na binti yangu wa miaka 9, ambaye humwona mbwa wa bibi kila Jumamosi. Alisimama mbele ya kioo kimya kwa muda, kisha akaniuliza, "Mama, mbona huyu ana pua?" Swali hilo ndilo kiini cha ziara nzima, na ili kulijibu inabidi kurudi nyuma sana, kwa kuwa bila historia yake Ah Cum ni ngozi iliyojazwa tu.

Kumbukumbu za nasaba ya Tang zinaeleza kwamba mwaka 624 mfalme wa Gaochang, dola ndogo iliyokuwa kwenye njia ya hariri katika eneo ambalo leo ni Xinjiang, alimpelekea mfalme mkuu wa China jozi ya mbwa, dume na jike, wenye kimo cha cun 6, yaani takriban sentimita 18. Walikuwa na akili ya ajabu. Waliweza kumwongoza farasi kwa kuuma hatamu yake, na waliweza kubeba mshumaa mdomoni. Ilisemekana asili yao ni Fulin, jina ambalo Wachina waliipa milki ya Roma ya Mashariki. Katika zama hizo hizo za Tang kuna simulizi ya mfalme Xuanzong akicheza mchezo wa ubao na mwana mmoja wa mfalme. Suria wake mpenzi, Yang Guifei, alipoona bwana wake anakaribia kushindwa, alimwachia mbwa wake mdogo aliyetoka Samarkand, mbwa akarukia ubao na kuvuruga kete zote, na mfalme akafurahi kupita kiasi. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye baraza la bao anaweza kuuona uso wa yule mpinzani. Uko pia mchoro maarufu unaohesabiwa kuwa wa Zhou Fang, uliohifadhiwa katika makumbusho ya mkoa wa Liaoning, ambamo mabibi wa kasri waliopamba nywele kwa maua wanacheza na vijibwa miguuni mwao.

Si haki kuwaita mbwa hao Pekingese, kwa sababu jina hilo na umbo hilo vilikuja baadaye sana. Wanachotuthibitishia ni kwamba desturi ya kufuga mbwa wa kupakatwa ndani ya kasri la China ina zaidi ya miaka 1,300, na kwamba hata katika mwanzo wake ilihusu wanyama waliosafirishwa kutoka mbali kama zawadi za kifalme. Watu wa pwani yetu tumo katika habari hiyo: mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa China, na Wachina wakamtambua kuwa qilin, mnyama wa heri wa hadithi zao.

Simba naye alifika kwa njia kama hiyo. China haikuwa na simba wa mwituni, lakini dini ya Kibudha ilikuja na picha ya simba kama mlinzi wa mafundisho, na wachongaji ambao hawakuwahi kumwona simba hai wakamchonga kwa kubuni, mwenye kichwa kikubwa, macho ya duara, uso mfupi na manyoya ya shingo yaliyojikunja. Mbwa wadogo wa kasri wakaitwa mbwa simba, na wafugaji wakawa wanawachagua wale waliofanana zaidi na sanamu zile za mawe. Hapo ndipo ilipozaliwa hekaya ambayo bibi huipenda kuliko zote. Simba alimpenda tumbili mdogo hata akakosa usingizi, akamwendea Budha kumwomba ruhusa ya kumwoa, na Budha akakubali kwa sharti kwamba simba aache ukubwa wake na nguvu zake lakini abaki na moyo wake. Mtoto wa ndoa hiyo ndiye mbwa wa Peking. Anayeishi na mbwa hawa hataicheka hekaya hiyo, kwa maana yule wa kwetu, asiyefika kilo 5, humkabili mbwa mwenye ukubwa mara sita yake bila kurudi nyuma hatua moja.

Chini ya nasaba ya Qing, iliyokuwa ya mwisho kuitawala China, mbwa hawa walilelewa ndani ya kasri na matowashi, na wale wadogo kabisa walibebwa ndani ya mikono mipana ya majoho. Husemwa kwamba miguu yao iliyopinda ilipendwa kwa sababu ilimzuia mbwa asizurure mbali.

Kisha ukaja mwaka 1860. Majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliingia Beijing katika Vita vya Pili vya Afyuni, mfalme Xianfeng akakimbilia Rehe, kaskazini mashariki mwa Beijing, pamoja na suria ambaye baadaye dunia ilimjua kama Malkia Mama Cixi, na askari wakapora Yuanmingyuan, bustani na makasri ya kiangazi yaliyoko kaskazini magharibi mwa mji. Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, alipojua kwamba wajumbe na askari waliokamatwa na Wachina waliteswa na baadhi yao kuuawa, aliamuru mahali pote pachomwe moto. Baba yake Elgin huyo ndiye aliyebandua sanamu za mawe za hekalu la Parthenon kule Athens. Hilo halihusiani na mbwa, lakini siwezi kuliandika jina hilo bila kulikumbuka. Mapokeo ya wafugaji yanasema mbwa watano walikutwa wakiwa hai ndani ya kasri. Wawili walichukuliwa na Lord John Hay, wawili wakafika Goodwood kwa jamaa ya Duke wa Richmond, ambako uzao wao uliendelezwa kwa miaka mingi. Wa tano alichukuliwa na kapteni John Hart Dunne wa Kikosi cha 99, naye mwaka 1861 akamtunuku Malkia Victoria.

Mbwa huyo wa tano alipewa jina la Looty. Neno lenyewe limetoka katika Kihindi kupitia Kiingereza, na maana yake ni kitu cha kuporwa. Kwa Kiswahili tungemwita Nyara. Walimwita hivyo mchana kweupe, mbele ya malkia, na hakuna aliyeona aibu. Friedrich Wilhelm Keyl alimchora mwaka huo huo wa 1861, na Looty akaishi Windsor hadi alipokufa mwaka 1872. Nimesoma makala nyingi za wapenzi wa mbwa zinazoisimulia habari hii kama kisa kitamu cha kijibwa kilichookolewa motoni, na kila mara nakereka, kwa kuwa moto huo haukuwaka wenyewe.

Ah Cum alikuja kwa njia tofauti. Mwaka 1896 Bi Douglas Murray, ambaye mumewe alikuwa na shughuli zake China, alimwingiza Uingereza pamoja na jike aitwaye Mimosa, na inasimuliwa kwamba walitoroshwa wakiwa wamefichwa katika sanduku la nyasi kavu ndani ya kreti ya paa wa Kijapani. Mwaka 1896 Mzanzibari hahitaji kukumbushwa: Agosti ya mwaka huo manowari za Waingereza ziliipiga mizinga ikulu ya Sultani pale Unguja kwa muda usiofika saa moja. Uzao wa Goodwood ulikuwa umechoka kwa kuzaana wenyewe kwa wenyewe, na damu ya Ah Cum ndiyo iliyoufufua, ndiyo maana wafugaji humwita baba wa mbwa wa Peking wa nchi za magharibi. Kennel Club ya Uingereza, yaani chama kinachosajili mbwa wa ukoo na kuandika maelezo ya umbo lao, iliwatambua rasmi mwaka 1898, na Marekani ikafuata mwaka 1906. Kufikia mwaka 1912 walikuwa wameshakuwa wanyama wa matajiri kiasi kwamba mmoja wa mbwa watatu walionusurika katika Titanic alikuwa Pekingese aitwaye Sun Yat-Sen.

Nirudi kwenye pua. Mwaka 2004 wanasayansi wa Marekani walichapisha uchunguzi wa chembe za urithi za mbwa 414 wa aina 85, na mbwa wa Peking akawa miongoni mwa aina 14 zilizo karibu zaidi na mbwa mwitu, pamoja na jamaa zake wa Asia kama Shih Tzu na Lhasa Apso. Katika kundi hilo yumo pia Basenji wa Kongo, ambaye jina lake Mswahili hulitambua mara moja kuwa ndugu wa neno mshenzi, lile ambalo watu wa pwani waliwaitia watu wa bara. Kwa hiyo mfugaji aliyemuuzia bibi hakudanganya alipotaja damu: damu ni ya kale kweli. Alichokosea ni uso. Kama uso bapa kama sahani ungekuwa urithi wa wafalme, Ah Cum, aliyezaliwa China wakati Cixi bado anatawala, angekuwa nao. Hana. Uso ule umetengenezwa baada yake, katika maonyesho ya mbwa ya karne ya 20, ambako kila kizazi cha waamuzi kilipenda pua fupi kidogo kuliko kizazi kilichotangulia, na manyoya mengi zaidi. Taji hazijakoma: Pekingese walishinda onyesho la Westminster la Marekani mwaka 2012 na tena mwaka 2021. Hata hivyo, baada ya televisheni ya BBC kuonyesha mwaka 2008 mateso ya kiafya ya mbwa wa ukoo safi, Kennel Club ilirekebisha maelezo yake ya umbo la Pekingese na kutaka pua ionekane. Kwa maneno mengine, wakubwa wenyewe wameanza kurudi taratibu kuelekea kwa Ah Cum.

Kwa hiyo hukumu yangu ni kwamba Tring inastahili safari, hata kwa asiyefuga mbwa. Kiingilio ni bure, jambo ambalo kwa mzazi mwenye watoto watatu si dogo. Treni kutoka kituo cha Euston, London, huchukua takriban dakika 40, lakini tahadhari: kituo cha treni kiko kama kilomita 3 nje ya mji, hivyo ama uwe na viatu vya kutembea ama upange usafiri wa kutoka kituoni. Angalia siku na saa za kufunguliwa kabla ya kununua tiketi. Watoto watavutwa na pundamilia na dubu wa barafu. Waache wamalize hao kwanza ndipo uwapeleke kwa mbwa, la sivyo watakuvuta mkono huku wewe ndiyo kwanza unaanza kutazama.

Usiende bila kuijua historia. Ngozi iliyo nyuma ya kioo haiwezi kumsimulia mgeni habari za Gaochang, wala moto wa mwaka 1860, wala sanduku la nyasi kavu. Ukifika mikono mitupu utaona mbwa mdogo mkongwe, utapita. Ukifika umeshasoma, simama upande wa ubavu wake, usimtazame usoni, kwa kuwa ukimtazama usoni karibu mbwa wote wa Peking wanafanana, na tofauti ya miaka mia moja yote iko katika mstari ule mmoja unaoshuka kutoka kwenye paji hadi puani. Mimi nilitumia karibu nusu saa hapo, na sikujutia dakika hata moja.

Nilimpiga picha kwa ubavu, nikaichapisha, nikampelekea bibi. Alivaa miwani, akaomba mbwa wake awekwe mapajani, akaishika picha kando ya kichwa chake na kuvilinganisha kwa muda mrefu huku yule mbwa akikoroma akiwa macho. "Huyu alikuwa anapumua," akasema, akiwa na maana ya Ah Cum. Jumatatu yake akaniomba nipige simu kwa daktari wa mifugo kuulizia upasuaji wa kupanua matundu ya pua, na tukapewa nafasi wiki iliyofuata.